Riwaya ya kwanza kwa binti wa miaka 13: nimesoma nne, nisaidieni kuchagua

Shangazi Nuru (Morogoro)

Wadau, habari za jioni. Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha kwanza, ana miaka 13, anaishi kwangu. Vile vitabu vyembamba vya picha kavimaliza, sasa anarudia vya wadogo zake kwa kukosa kingine. Nataka kumnunulia riwaya yake ya kwanza, asome kwa raha zake na si kwa mtihani. Kabla sijatoa hela nimezisoma mwenyewe nne ambazo kila ninayemuuliza ananitajia.

Siku Njema ya Ken Walibora ndiyo iliyonikesha. Kongowea anasimulia mwenyewe maisha yake Tanga, mama yake Zainabu Makame aliyekuwa mwimbaji wa taarabu, msiba, halafu safari ya kwenda Kenya kumtafuta baba asiyemjua. Ukimaliza sura unataka nyingine. Ila misemo na methali zimejaa, na nahofia zitamchosha.

Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo ni nyepesi zaidi kwa lugha, Kiswahili cha Dar cha kila siku. Peter na Zita wanarudishwa nyumbani kwa kukosa ada na sare, mama anahangaika na biashara ya chakula, baba yao Mzee Lomolomo pombe imemteka. Jalala linakuwa ndio riziki ya watoto. Inauma kweli.

Takadini ya Ben Hanson nimeisoma kwa tafsiri ya Kiswahili. Inatupeleka Zimbabwe ya zamani. Sekai anakaa miaka mingi bila mtoto, akijaliwa, mtoto ana ualbino na mila inataka auawe. Mama anambeba na kutoroka.

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert ni ya 1952, kongwe kuliko hizo nyingine. Ina majini, mji uliogeuka mawe na watu wake, na ndugu wawili waliogeuzwa manyani. Hadithi tamu, Kiswahili kizito.

Moyo wangu uko kwa Siku Njema. Nyie mnaonaje?

Mwl. Kombo (Pemba)

Shangazi, Adili usiisukume nyuma namna hiyo. Ni ngumu kwa mtoto anayeachiwa aisome kimya peke yake. Someni kwa sauti, wewe ukurasa, yeye ukurasa.

Tazama inavyoanza kushika. Ikibali katumwa na Mfalme Rai kwenda Janibu kwa mambo ya kodi, na mwenyeji wake ni Adili, mtawala anayesifiwa kwa wema. Usiku mgeni anamchungulia mwenyeji wake huyohuyo anawachapa viboko manyani wawili, kisha anawalisha na kuwabembeleza. Mtu mwema afanye hivi kwa nini? Mimi nikifika hapo darasani hufunga kitabu, na darasa zima hupiga kelele nikifungue. Baada ya hapo maneno magumu hayawazuii tena, wanayavuka wakikimbilia jibu. Wewe tu usimwambie mapema kwamba manyani ni ndugu zake.

Na kama anapenda mafumbo, mtafutie Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla. Ilishinda shindano la uandishi la 1957–58, ikachapishwa 1960. Bwana Msa na kiko chake, Najum pembeni akishangaa pamoja nasi wasomaji. Maiti inaokotwa kwenye mzimu, watu wanasema mizimu hiyo, Bwana Msa anatafuta mkono wa binadamu. Kwa umri huo hakuna kinachowapita hicho.

Msomaji wa Kisauni (Mombasa)

Siku Njema, bila kusita. Hiyo misemo unayoihofia ndiyo tuliyoinakili kwenye madaftari tukiwa shule, tukaitumia kwenye insha, tukapendea nayo Kiswahili. Kongowea naye ni mtoto msomi, anashinda kwa kalamu na akili. Binti wa miaka 13 anayependa vitabu atajiona mle ndani. Marehemu Walibora, aliyetutoka Aprili 2020, alikuwa na kipaji cha kukuhurumisha kwa mtu bila kukuomba umhurumie.

Ukiona ni ndefu kwa kuanzia, mpe kwanza Ndoto ya Amerika ya mwandishi huyohuyo, kuhusu mvulana anayetamani kwenda Marekani. Ni fupi, iliandikwa kwa ajili ya watoto, na inachekesha pia.

Neema M. (Dodoma)

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari na nina neno kuhusu zile mbili za katikati. Watoto wa Mama N'tilie na Takadini zimo kwenye riwaya tunazofundisha kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Uwezekano wa binti kukutana nazo darasani ni mkubwa. Wapo wanaosema basi asizisome sasa, atazichoka. Mimi naomba azisome sasa.

Nawaona wanafunzi wanavyoanza kitabu wakiwa na orodha ya dhamira mkononi. Ukurasa wa kwanza haujaisha, kashapiga mstari chini ya sentensi na kuandika pembeni "umaskini". Peter na Zita kwake si watoto tena, ni hoja za kujazia majibu. Anayekutana nao mapema, kitandani, bila kalamu, anabaki anawajua kama watu, na wakati wa mtihani ndiye anayeandika vizuri kwa sababu ana la kusema.

Tukienda kwenye kulinganisha: Watoto wa Mama N'tilie inasomeka haraka, lakini giza lake ni zito na matumaini ni machache. Takadini ina machungu vilevile, ila inamlea msomaji. Mzee Chivero anampokea mtoto, anamfundisha, na tunamwona Takadini akikua hadi kupendwa. Kwa mtoto wa umri huo anayesoma peke yake usiku, ningetanguliza Takadini.

Kaka yake Salma (Mwanza)

Namuunga mkono Mwl. Neema. Mdogo wangu ana ualbino. Alipokuwa darasa la sita tulikuwa tunamsindikiza shule kwenda na kurudi, kwa hofu ambayo watu wa huku hawahitaji kuelezwa. Takadini alikisoma akiwa kidato cha pili. Akaniletea ukurasa ambapo watoto wenzake Takadini wanakataa kucheza naye, akaniambia "soma hapa", akakaa pembeni kusubiri nimalize. Tukaongea mambo ambayo nyumbani hatukuwahi kuyagusa.

Mnunulieni hata mtoto asiye na ndugu mwenye ualbino. Huyo ndiye anayekaa dawati moja na mdogo wangu.

Baba Imani (Leicester)

Nachangia kutoka upande wetu tulioko nje. Mwanangu ana miaka 12, Kiswahili anakisikia chote na kukizungumza, lakini kusoma ni kwa kudonoa. Siku Njema ilimshinda kwenye kurasa za mwanzo. Tulianza na hadithi za African Storybook, ziko mtandaoni bure, zimepangwa kwa viwango na unaweza kuzipakua na kuzichapisha. Alipopata kasi tukahamia Watoto wa Mama N'tilie, na hapo ule wepesi wa mazungumzo ulimsaidia sana, maana watu mle wanaongea kama bibi yake anavyoongea kwenye simu. Kwa hiyo wenye watoto wa huku wasifuate mpangilio wa Morogoro.

Halafu nina swali. Peponi, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, inamfaa kijana wa umri gani? Yusuf mwenyewe ana miaka 12 anapoondoka kwao.

Mwl. Kombo (Pemba)

Baba Imani, umri wa mhusika usikuhadae. Yusuf anatolewa na babake kwa tajiri Aziz kwa sababu ya deni, na mtoto hajui kwamba hilo ndilo lililotokea. Uzito wa kitabu uko kwenye yale asiyoambiwa. Subiri afike 16 hivi. Tafsiri yenyewe ni ya kifahari, utaifurahia wewe kwanza.

Neema M. (Dodoma)

Na kabla hajaitaja mtu: Rosa Mistika ya Kezilahabi, 1971, ni riwaya kubwa kuhusu binti na ukali wa baba, na iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Ningempa binti wa miaka 17, na ningeisoma naye, kwa yale yanayompata Rosa mwishoni. Kwa miaka 13 bado.

Shangazi Nuru (Morogoro)

Ahsanteni sana, mmenifungua macho. Kaka yake Salma, mpe mdogo wako salamu zangu. Nimeamua hivi: Siku Njema namkabidhi leo, Adili tutasoma wote baada ya chakula cha usiku, na Takadini nampa likizo ijayo. Mama N'tilie nitaiweka kabatini ambako anaiona, akiitaka ataichukua. Sasa Mwl. Kombo, huyo Bwana Msa nampata wapi? Madukani huku Morogoro nimezunguka sijaona.

Mwl. Kombo (Pemba)

Ulizia kwa wauza vitabu vya mitumba ukifika Dar, au mtu akutazamie Unguja. Toleo lolote linafaa. Ila kabla hujalipa fungua nyuma uhakikishe kurasa za mwisho zimo, nakala nyingi za zamani zimechanika huko.