Msimu umeharibika, kocha wa timu ya wasichana wa chuo nimpimeje kwa haki?

BintiRaskazone
Habari zenu wapendwa, hasa wana Tanga na wapenzi wa kikapu popote mlipo. Naomba mawazo yenu maana ijumaa ijayo nina kikao na wiki nzima sijalala vizuri. Nipo kwenye kamati ya michezo ya chuo kimoja hapa mjini, jina la chuo naliacha, na kocha pia simtaji maana ana familia yake na mji wetu mdogo huu kila mtu anamjua mwenzie.

Timu yetu ya wasichana msimu huu imecheza mechi 12 imeshinda 3. Mwaka jana tulishinda 8 tukafika nusu fainali kwa hiyo kila mtu alikuja na matumaini, mpaka jezi mpya tulichangishana tukanunua, halafu mechi ya mwisho tukafungwa na timu ambayo mwaka jana tuliipiga kwa pointi 20. Wasichana walilia kwenye Coaster njia nzima na mimi nililia nao.

Sasa kwenye kamati kuna wanaotaka kocha aondoke kesho asubuhi na kuna wanaosema tumuache tu, nani mwingine atakubali posho hii. Hoja zote mbili haziniingii. Huu ulikuwa mwaka wake wa 3. Na mjue pia, katikati ya msimu wasichana 4 wa kikosi cha kwanza walienda fildi, mafunzo ya vitendo ya chuo, mmoja kapangiwa Lushoto mwingine Handeni huko, na pointi gadi wetu, yule anayeongoza mashambulizi, aliumia goti mechi ya pili tu. Zamani nilicheza mwenyewe, mpira nauelewa kiasi, ila kumpima kocha sijawahi. Mnaanzia wapi?

Mgosi_Chumbageni
Dada pole. Mimi nasema aondoke na sina chuki nae, tukikutana tunasalimiana vizuri. Nilikuja kuwaangalia mara 3. Robo ya kwanza timu inacheza mpaka raha, robo ya nne hakuna timu. Watu wale wale 5 tangu mwanzo mpaka mwisho, uwanja wa sementi, jua la saa 10 la hapa kwetu mnalijua, na kwenye benchi kuna mabinti 6 hawajavua hata trakisuti. Hilo usiniambie ni fildi wala goti, hayo ni maamuzi ya mtu. Kipindi cha pili kocha anapewa taimauti 3, yaani kusimamisha mechi aongee na timu, mechi moja nilihesabu akatumia 1 tu, na hiyo yenyewe aliita tumeshapigwa pointi 14 mfululizo. Taimauti usiyoitumia huendi nayo nyumbani. Halafu zoni, zoni, zoni, yaani kila mtu analinda eneo lake tu, hata pale wenzetu wana binti anapiga pointi 3 kama anaokota embe chini ya mti, hakuna anaemfuata.

kikapu_damu
Mgosi nakuelewa ila tusiwe wepesi hivyo. Dawn Staley wa chuo kikuu cha South Carolina kule Marekani, kocha ambae leo kila mtu anamsifia, alichukua timu ile 2008 na msimu wake wa kwanza alishinda 10 akafungwa 18. Wa pili akashinda 14 akafungwa 15. Wangemfukuza pale wasingepata ubingwa wa vyuo wa 2017, wala 2022, wala ule wa 2024 walioshinda mechi zote 38 bila kufungwa hata moja. Na marehemu Pat Summitt alianza kufundisha chuo kikuu cha Tennessee 1974 akiwa na miaka 22, anaendesha gari la timu mwenyewe, anafua jezi mwenyewe, mechi yake ya kwanza akafungwa kwa pointi 1, na ubingwa wa taifa wa vyuo hakuupata mpaka 1987. Hesabu hapo ni miaka mingapi watu wamevumilia. Sisi miaka 3 tu tumeshashika fagio.

Mgosi_Chumbageni
@kikapu_damu mfano mzuri lakini usome vizuri ndugu yangu. 10, kisha 14, na mwaka wa tatu Staley akawa ameshinda zaidi ya alizofungwa. Wa kwake ulikuwa unapanda. Wa kwetu umetoka 8 kwenda 3. Na Staley hakuokotwa, alishafundisha chuo cha Temple misimu 8 kabla ya hapo. Watu walimvumilia kwasababu kuna kitu walikiona kinakua, hawakuvumilia tu kwa kuvumilia. Mimi nionyeshwe kinachokua kwenye timu yetu nami nitanyamaza.

Namba7_wa_zamani
Shikamoo kwa wakubwa. Mimi nimecheza chini ya kocha huyu miaka 2 nimemaliza mwaka jana kwa hiyo ninachosema nakijua. Kwanza niseme ukweli, hajawahi kumtukana msichana hata mmoja, hajawahi kumuongelea mtu mwili wake, na kuna siku mchezaji hana nauli ya kurudi Pongwe ametoa mfukoni kwake bila kumwambia mtu, mimi nimejua kwasababu mwenyewe aliyepewa ni rafiki yangu.

Lakini haambiliki. Mwaka jana tulikuwa na kepteni mwenye sauti, akiona zoni imeshindwa anatupanga mtu na mtu, kila mmoja na mpinzani wake, hapo hapo uwanjani kocha yuko kimya, na tukishinda sifa zinakuwa za wote, sawa, hatukujali. Kepteni yule kahitimu. Kwa hiyo zile mechi 8 za mwaka jana dada Binti usizihesabu zote kuwa za kocha, kama ambavyo hizi 9 za kufungwa sio zote za kwake. Ndo shida ya kumpima mtu kwa jedwali.

Kitu kingine kinachoniuma ni mazoezi. Yanaanza saa 10 na nusu, dakika 40 za kwanza tunakimbia kuzunguka uwanja, tukishika mpira giza hilo linaingia, taa hakuna. Mitupo huru, ile unayopewa ukifanyiwa faulo, tulikuwa tunapiga wenyewe tukiwahi kufika. Na uwanja wetu uko karibu na bahari, kusi likianza kuvuma mpira unahama hewani, unatakiwa ujifunze kuupiga chini zaidi na kutumia ubao. Hilo nilifundishwa na dada zangu wa timu, kocha hakuwahi kulitaja. Nasema haya kwa heshima maana nampenda yule mwalimu.

shangazi_wa_Ngamiani
Nyie wanangu mnaongea mambo ya zoni mimi siyajui, naongea kama mlezi. Mtoto wa kaka yangu yuko timu hiyo. Baba yake alikataa kabisa mtoto asicheze, suala la mavazi. Kocha huyo alikuja nyumbani kwa miguu yake, akakaa barazani akaongea na kaka yangu, akamueleza kwamba kucheza na hijabu kimataifa kumeruhusiwa tangu 2017, akatafuta fundi hapa barabara ya 9 akawashonea mabinti wanaotaka hijabu za kubana zisizovuka wakati wa kuruka na fulana za mikono mirefu za kuvaa ndani ya jezi. Mechi za mbali anahakikisha kuna mwalimu wa kike kwenye gari, na mtoto akishushwa mlangoni ndo anaondoka. Mabinti wangapi hapa Tanga wanaacha michezo wakitoka sekondari kwasababu mzazi hana imani na anaewapeleka? Mkija kumtoa mtoeni, ila anaekuja mumuulize hayo kwanza kabla ya kumuuliza makombe.

BintiRaskazone
Shangazi shikamoo, umenigusa sana, hilo la kwenda nyumbani kwa wazazi kwenye kamati halijawahi kutajwa hata mara moja na mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Namba7 mdogo wangu asante kwa ujasiri. Swali langu sasa, haya maneno nitayapelekaje kikaoni yasionekane ya kusikia tu? Ripoti niliyo nayo mkononi ni matokeo ya mwisho ya kila mechi basi.

mezani_daima
Dada mimi nakaa meza ya waamuzi miaka mingi, karatasi za mechi unazo? Omba nakala kwa waendesha mashindano, kila timu ina haki yake. Karatasi ile ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, haiandiki ribaundi (mipira iliyodakwa baada ya mtupo kukosa) wala mipira iliyopotezwa lakini ukijua kuisoma inaongea. Angalia kwanza safu ya walioingia uwanjani, walioanza alama yao imezungushiwa duara, waliotokea benchi wana alama tupu, na ambae hana alama hakugusa uwanja. Hapo maneno ya Mgosi yatathibitika au yataanguka. Taimauti zinaandikwa dakika ya robo zilipoitwa, linganisha na pointi zilikuwa ngapi wakati huo.

Mitupo huru iko hivi, faulo ya mpinzani ikiandikwa P2 maana yake wasichana wako walipewa mitupo 2. Nenda upande wa pointi zenu, mtupo ulioingia ni doti iliyojazwa, kikapu cha kawaida ni mstari wa mshazari, na cha pointi 3 namba ya mchezaji inazungushiwa duara. Jumlisha mitupo mliyopewa, hesabu doti, utajua mmekosa mingapi. Halafu usichanganye mechi zote kapu moja. Weka pembeni za kabla ya fildi na za baada. Kama waliobaki walikuwa wanafungwa kwa 30 mwanzo na mwishoni wanafungwa kwa 8 basi kuna kazi imefanyika hata kama jedwali linasoma sifuri.

BintiRaskazone
Nimerudi. Karatasi nimepata za mechi 10, mbili hazijulikani ziliko. Jana alhamisi baada ya swala ya alasiri nilikaa na wasichana peke yao bila kocha, nilimuomba ruhusa kwanza na alikubali bila kinyongo.

Mgosi, la benchi ni kweli, mechi 6 kati ya hizo wameingia watu 6 au 7 tu wakati orodha ina watu 11. La taimauti ni kweli mechi 4, sio zote. Namba7, mitupo huru ndo imenitoa machozi, mechi tuliyofungwa kwa pointi 5 tulipewa mitupo 18 zikaingia 6. Mechi ya pointi 5! Na mezani, ulichosema ndicho nilichokuta, baada ya wale 4 kuondoka tulifungwa kwa 27, kwa 22, kisha kwa 9, kisha tukashinda moja, na ile ya mwisho tuliyolia ilikuwa ya pointi 5 hiyo hiyo. Nilikuwa naiona kama aibu ya msimu kumbe wale mabinti wa mwaka wa kwanza walikuwa wanapanda.

Nilipowauliza wasichana nani anataka kocha aondoke, 2 walinyoosha mkono, nao walisema wazi ni kwasababu hawachezeshwi. Wengine wote walisema anawajali ila hawasikilizi.

Kwa hiyo leo jioni kikaoni napendekeza abaki msimu mmoja, lakini kwa maandishi, awe na msaidizi wa kike mwenye ruhusa ya kumwambia taimauti sasa, mazoezi yaanze na mpira mkononi, na mwezi wa kwanza wa msimu kila mtu aliye kwenye orodha aingie uwanjani. Chuo nacho kimsogezee ratiba ya fildi au kitupe taa, kimoja wapo, maana hilo sio kosa lake.

Mgosi_Chumbageni
Dada mimi bado ningemtoa, la benchi linanikera mno. Ila kwa karatasi hizo siwezi kusema umemuonea mtu. Huyo msaidizi msimuweke jina tu, apewe posho.

BintiRaskazone
Posho yake nimeiandika. Namba7, kama bado uko Tanga njoo jumamosi saa 10 uwanjani. Nimeongea na kocha, amesema wadogo zako uwafundishe wewe kupiga mpira kwenye kusi.