Tupeane uzoefu: waranti ya ziada kwenye gari la spidi, ununue au uweke hela pembeni?

Gia ya Sita
Wakuu, waranti ya kiwandani ikikaribia kuisha ndipo simu za kuuza waranti ya ziada zinapoanza kumiminika. Kwa gari la kawaida hesabu ni rahisi. Kwa gari lenye nguvu kubwa giaboksi moja tu inaweza kula nusu ya thamani ya gari lenyewe. Wanaozijua injini hizi waje: ni wapi mkataba unalipa na ni wapi mtu anatupa hela? Msije na "inategemea" tupu. Tajeni injini, kipuri na kipengele cha mkataba.

Mkataba Kwanza
Kabla ya injini tuanze na jina. Kinachouzwa kama waranti ya ziada mara nyingi si waranti. Kule Marekani, Federal Trade Commission, mamlaka inayolinda walaji, inaeleza kwamba huo ni mkataba wa huduma unaolipiwa kivyake, tofauti na waranti inayokuja na bei ya gari. Kwa hiyo uliza nani hasa atalipa. Kuna anayekuuzia, kuna anayesimamia madai, na kuna kampuni ya bima iliyosimama nyuma yao. Jina la huyo wa tatu lazima liwe kwenye karatasi. US Fidelis, iliyokuwa ikiuza mikataba hii kwa kishindo huko Marekani, ilifilisika mwaka 2010. Kampuni inaweza kufa kabla ya turbo lako.

Halafu mikataba iko ya namna mbili. Mmoja huorodhesha vinavyolipwa, mwingine huorodhesha visivyolipwa. Kwa gari la spidi nenda na huo wa pili tu. Ule wa kwanza utaandika "sehemu zote za ndani za injini zinazopitiwa na oili", nawe utaona imetosha. Sasa hesabu vilivyobaki nje: pampu ya petroli ya presha kubwa, nozo, mota za throto, kontroo boksi (kompyuta ya gari), pampu ya maji ya umeme, shokapu za kielektroniki. Hivyo ndivyo vinavyoharibika.

Dada Torki
Nakubaliana na hilo la pampu. BMW wenyewe walilazimika kurefusha waranti ya pampu ya petroli ya presha kubwa kwenye injini za N54 huko Marekani hadi miaka 10 au maili 120,000. Mtu alikuwa anaweza kulipia kipuri ambacho tayari analipiwa bure. Kabla ya kununua mkataba wowote, peleka namba ya chesisi kwa wakala uulize ni vipuri gani vya gari hilo vimeongezewa muda na kiwanda, na ni marekebisho gani ya kuitwa kiwandani hayajafanyika.

Boksa
Kwa Porsche mgawanyo ni huu. 986 (Boxster) na 996 (911 ya zamani) zenye injini ya M96: hofu ni beringi ya shafti ya kati, ile inayozungusha cheni za kamshafti. Ikivunjika, taiming inapotea, valvu zinagonga pistoni, injini imekwisha. 996 Turbo na GT3 zina injini ya ukoo mwingine, hofu hiyo haizihusu. Injini mpya ya 911 iliyoingia na matoleo ya 2009 haina kabisa shafti hiyo. Sasa mtu ana gari la 2010 na anauziwa mkataba kwa kutishwa na ugonjwa ambao injini yake haiwezi kuugua!

Jingine. Ukishusha gia vibaya, ukiwa ya 5 unatafuta ya 4 ikaingia ya 2, kikomo cha mizunguko hakikusaidii, maana magurudumu ndiyo yanayoisukuma injini. Kontroo boksi inaandika tukio hilo pamoja na idadi ya saa ambazo injini ilikuwa imeshafanya kazi, na matoleo ya karibuni zaidi huligawa katika ngazi 6 kulingana na mizunguko ilivyozidi. Waranti ya Porsche yenyewe kwa gari lililotumika hutanguliwa na ukaguzi wa vipengele 111, na kumbukumbu hiyo husomwa. Ngazi za juu zikiwa na namba, hasa za hivi karibuni, jiandae kukataliwa. Ukinunua gari mkononi, omba usomewe kabla hujalipa chochote.

Kipimo
+1 kwa Boksa. Saa ya tukio ni muhimu kuliko idadi. Tukio la saa 200 kwenye injini yenye saa 1,800 ni historia. La saa 1,795 ni onyo.

Oili Nzito
Mmegusa injini zinazoharibika kwa kosa. Hebu nieleze ile inayoharibika bila kosa la mtu, kwa sababu hapo ndipo mkataba unapomvunja mwenye gari moyo. Injini ya S65, V8 ya lita 4.0 iliyokuwa kwenye BMW M3 ya matoleo ya E90 na E92. Mizunguko 8,400 kwa dakika. Na kaka yake S85, V10 ya lita 5.0 ya M5 ya E60. Ugonjwa wao ni beringi za konrodi, vyuma vinavyounganisha pistoni na krenki.

Nafasi kati ya beringi na krenki ni finyu, na oili ni nzito, 10W-60. Asubuhi injini ikiwa baridi oili hiyo inapita kwa shida, na dereva akikanyaga kabla haijapata moto, chuma kinagusana na chuma. Hakuna taa inayowaka kwenye deshibodi. Presha ya oili inaonekana sawa. Miezi inapita. Kisha unasikia mgongano mwepesi wa chuma injini ikiwa ya moto, unaopanda na kushuka na mizunguko. Wengi wanadhani ni nozo. Wakati huo tabaka la juu la beringi limeshaisha na shaba inaonekana. Siku moja, kwa mizunguko ya juu, beringi inajizungusha ndani ya konrodi na kuziba tundu la oili. Konrodi inageuka bluu kwa joto, inakatika, ncha yake inatoboa ukuta wa bloku. Oili yote barabarani. Kutoka kelele ya kwanza ya nguvu hadi tundu ni sekunde chache.

Sasa dai. Gari linavutwa hadi gereji. Fundi akifungua sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla msimamizi wa madai hajatoa namba ya idhini, dai limekufa papo hapo. Akisubiri, anaambiwa afungue injini, lakini saa za kufungua analipa mwenye gari hadi ithibitike kwamba tatizo linalipwa. Mkaguzi anakuja na kamera. Anapiga picha kijiti cha oili, chujio, matope chini ya kifuniko cha valvu. Anaomba stakabadhi za oili zenye tarehe, kilomita na daraja la oili. Zote zipo, safi. Kisha anaomba jambo la mwisho: konrodi zote 8 zifunguliwe, vipande 16 vya beringi vipangwe mezani kwa mpangilio.

Kama kimoja kimekufa na vingine 15 ni vizima, ni hitilafu ya ghafla. Kama vyote vimechakaa, anaandika "uchakavu wa taratibu", na uchakavu haulipwi. Na kwenye injini hii vyote huwa vimechakaa! Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo. Ushahidi kwamba ni kasoro ya injini ndio huohuo unaotumika kukunyima.

Boksa
Dah. Nimesoma mara mbili.

Gia ya Sita
Mkuu Oili Nzito, hiyo ya vipande 16 mezani imenitisha kweli. Nilidhani stakabadhi zikiwa sawa umesalimika.

Kipimo
Picha ya ugonjwa iko sawa ila oili unaionea. Kinachoua ni nafasi finyu. Oili nzito ikiwa ya moto inalinda vizuri, ndiyo maana kiwanda kiliichagua kwa mizunguko ile.

Oili Nzito
Oili ikipita vizuri ikiwa ya moto haifuti dakika 10 za asubuhi. Nafasi finyu na oili nzito ni jambo moja, huwezi kuvitenganisha.

Kipimo
Unaweza. Badilisha beringi kwa zenye nafasi kubwa kidogo, baki na 10W-60 ileile, na mgusano unapungua. Na kuna kipimo: peleka sampuli ya oili iliyotumika maabara kila unapobadilisha. Beringi za mwanzo zina madini ya risasi na shaba, hivyo risasi ikipanda kutoka sampuli moja hadi nyingine unajua zinaliwa. Za baadaye zina bati na aluminiamu, hapo kipimo hakisemi mengi na usikitegemee. Chukua sampuli katikati ya mtiririko, si matone ya kwanza.

Dada Torki
Kaka zangu, mnagombania oili wakati swali ni waranti. Kwa S65 jibu liko wazi: hela ya mkataba ilipie beringi mpya kabla hazijafa. Injini haitoki. Inaning'inizwa kwa boriti juu, sabufremu inashushwa, sampu inatolewa, konrodi moja baada ya nyingine. Bolti za konrodi ni mpya zote, hazirudiwi kwa sababu huvutika zikikazwa. Gasketi ya sampu mpya. Hakuna mkataba utakaolipia kazi ya kuzuia, hilo lijue mapema.

Mkataba Kwanza
Kabla hatujaizika, kuna sentensi moja inayobadilisha hadithi yote ya Oili Nzito. Fungua ukurasa wa tafsiri ya maneno, tafuta mkataba unasemaje kuhusu neno "kuharibika". Mikataba dhaifu inasema ni kushindwa ghafla kufanya kazi. Mizuri inaongeza: au kuchakaa kupita kipimo kinachoruhusiwa na mtengenezaji. Kwa maneno hayo ya pili, vile vipande 16 vinakuwa upande wako. Muuzaji akikwambia kwa simu "uchakavu unalipwa", mwambie akuandikie namba ya kipengele.

Na ukiwa hapo, angalia haya manne. Kiasi unachojilipia: ni kwa kila ziara au kwa kila kipuri? Vitu vitatu vikifa pamoja, tofauti ni mara tatu. Kikomo cha dai: je, ni thamani ya gari siku ya dai? Gari likishuka bei, injini inaweza kuzidi kikomo. Kiwango cha ufundi kwa saa: wakala wa magari haya anatoza zaidi ya kile wanacholipa, na nyongeza ni yako. Mwisho, muda wa kusubiri, mara nyingi siku 30 na kilomita 1,600. Kilichovunjika ndani ya hapo wanasema kilikuwapo.

Gia ya Sita
Na gari lililoongezwa nguvu kwa programu? Ukirudisha programu ya kiwanda kabla ya kulipeleka, si inatosha?

Dada Torki
Haitoshi, na usifanye. Magari ya kundi la Volkswagen yana alama ya TD1: wakala akiunganisha mashine na programu isilingane na ya kiwanda, namba ya chesisi inawekewa alama kwenye mfumo wao wote. Mengine hutunza hesabu ya mara ngapi kontroo boksi imeandikwa upya, na hesabu hiyo hairudi nyuma. Kuficha ni udanganyifu, na ukigundulika unapoteza hata dai la dirisha.

Boksa
Lakini sheria ya Marekani ya mwaka 1975, Magnuson-Moss, inamlinda mtu. Hawawezi kufuta waranti kwa sababu tu umefunga kipuri kisicho chao.

Mkataba Kwanza
Inalinda waranti ya mtengenezaji, na hata hapo akionyesha kwamba programu ndiyo iliyoua turbo, hulipwi turbo. Huu tunaoujadili ni mkataba wa huduma. Ukiandikwa "gari lililobadilishwa halilipwi" nawe ukasaini, umejifunga. Vivyo hivyo uwanja wa mbio: soma kama wanakataza mashindano tu, au pia siku za mazoezi zisizopimwa muda. Wengine hutaja hata mafunzo ya udereva.

Boksa
Sawa, hapo nimekubali.

Dada Torki
Ninapoona mkataba unalipa ni giaboksi za klachi mbili na elektroniki. Kitengo cha kontroo ndani ya giaboksi hufa bila dalili, ni ghali, na hakuna anayeweza kukiita uchakavu kirahisi. Sharti ni oili. Kwa DQ250, giaboksi ya klachi mbili ya Volkswagen, ni kila kilomita 60,000 pamoja na chujio. Ukipitisha hadi 75,000 umewapa sababu. Oili ya Haldex, klachi inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, nayo isisahaulike. Klachi, breki, matairi na bushi sahau. Diski za kauri nazo ni breki, hazilipwi, na ndizo zitakazokuliza.

Kipimo
Kwa hesabu: kama unaona hatari ya kuharibika ni 1 kati ya 10 na ukarabati ni mara 6 ya bei ya mkataba, unalipa 1 kupata wastani wa 0.6. Mwenye akiba aweke pembeni. Asiyeweza kulipa hiyo mara 6 kwa mkupuo, anunue.

Oili Nzito
Hapo tumeelewana, Kipimo.

Gia ya Sita
Asanteni. Na kama waranti ya kiwandani imebakiza miezi miwili?

Mkataba Kwanza
Usinunue kitu wiki hii. Peleka gari kwa fundi asiye wa wakala, ulipie ukaguzi kamili: linyanyuliwe, kava za chini zitolewe, atafute oili inayovuja kwenye sili ya nyuma ya krenki, turbo na shokapu, asome kumbukumbu zote za kontroo boksi hata zisizowasha taa. Peleka orodha hiyo kwa wakala kwa maandishi, wapige muhuri wa tarehe wakati waranti bado hai. Tatizo lililoripotiwa ndani ya muda una haki ya kulidai hata likitengenezwa baada yake.

Oili Nzito
Na kama cheni ya injini inapiga kelele ya sekunde mbili asubuhi, irekodi kwa simu injini ikiwa imelala usiku kucha, huku namba za kilomita zikionekana. Tena acha gari lilale kwao. Likifika likiwa la moto watakuambia hawajasikia kitu.