Futurama: vipande gani vinavunja mbavu kuliko vyote, na siri yake nini?

MkiaWaKimondo (mwanzisha mada)

Wakuu, habari za muda huu. Naandaa orodha ya episodi sita hivi za Futurama, ile katuni ya Marekani ya vichekesho vya maisha ya miaka elfu ijayo, kwa watu ambao hawajawahi kuiona kabisa. Vile vipande vya sekunde thelathini vinavyozunguka mitandaoni sivitaki. Nataka episodi nzima, zenye vichekesho ambavyo mtu atavielewa hata kama fizikia na hesabu alishaziaga zamani. La pili, namba za misimu zinanichanganya: kwingine msimu wa kwanza una episodi 9, kwingine 13. Nifuate upi? Na wanaojua hesabu watuambie: zile namba zinazotajwa mle ni za kweli au mapambo tu?

Kamati_ya_Katuni

Nianze na namba za misimu maana ndizo zinazowapoteza wengi. Kituo cha TV cha Fox kilianza kuirusha Machi 28, 1999 kikaachana nayo Agosti 2003, jumla episodi 72. Zilitengenezwa kama misimu minne: 13, 19, 22 na 18. Fox hawakufuata mpangilio huo, nyingine waliziweka kando wakazirusha baadaye sana, ndipo ikazaliwa hesabu ya pili yenye misimu mitano ambayo wa kwanza una 9 tu. Fuata mpangilio wa utengenezaji. Na ukitafuta episodi, tafuta kwa jina, kwa sababu namba hubadilika kutoka orodha moja hadi nyingine lakini jina ni lilelile.

Ya kwanza kabisa, "Space Pilot 3000", usiiruke. Fry, kijana wa kupeleka piza, anaangukia kwenye mtambo wa kugandishia watu usiku wa Desemba 31, 1999 na kuamka Desemba 31, 2999. Wakati anaanguka kuna kivuli kidogo kinapita. Usiwaonyeshe. Maelezo yake yanakuja kwenye "The Why of Fry" ya mwaka 2003, na anayekumbuka kile kivuli hupiga ukelele.

Ila kwa kicheko cha papo hapo, hakuna kinachomzidi Zapp Brannigan, yule nahodha wa anga mwenye majivuno, kwenye "Love's Labours Lost in Space". Anaeleza alivyowashinda roboti wauaji: aligundua kwamba wamewekewa kikomo cha idadi ya watu wa kuua, basi akawatupia askari wake mwenyewe, wimbi baada ya wimbi, mpaka kikomo kikafika na roboti wakazima. Kisha anamwagiza Kif, msaidizi wake, aonyeshe medali aliyotunukiwa. Ukiipima ile mbinu kimantiki, haina kosa. Roboti kweli walizima. Ndiyo maana inachekesha namna ile: Zapp hajidanganyi hata kidogo kuhusu alichokifanya, anajivunia.

Sasa mtazame Kif. Hasemi neno, anashusha pumzi tu kwa ule mguno wake wa uchovu, na mguno huo ndio unaofunga mzaha. Mtu akiongea juu yake, kipande kizima kimepotea. Sauti ya Kif ni Maurice LaMarche. Zapp alikusudiwa mwigizaji Phil Hartman, ambaye alifariki Mei 1998, nafasi ikaenda kwa Billy West, yuleyule anayemtolea sauti Fry, Profesa Farnsworth (mzee mvumbuzi) na Zoidberg (daktari mwenye umbo la kaa). Wageni wakishalijua hilo, warudishe kwenye tukio lolote ambalo Fry na Profesa wanabishana.

HesabuZaAnga

Namba ni za kweli, mkuu, na unaweza kuzihakiki kwa kikokotoo cha simu.

Chukua "A Fishful of Dollars". Fry anakuta akaunti yake ya benki ilikuwa na senti 93, riba ya wastani asilimia 2.25 kwa mwaka, miaka 1000. Benki inamwambia ana dola bilioni 4.3. Piga 1.0225 kwa kipeo cha 1000, utapata kama bilioni 4.6, zidisha kwa 0.93, unafika karibu bilioni 4.28. Wanaodai ni uongo huwa wamepiga riba ya kawaida ya kila mwaka juu ya zile senti 93 peke yake, na kwa njia hiyo huvuki dola 22. Benki inalipa riba juu ya riba, na utajiri wote umetoka hapo.

Kichekesho chenyewe, hata hivyo, kiko kwenye matumizi. Fry anakwenda mnadani na kutoa dola milioni 50 kwa kopo la mwisho duniani la anchovi, samaki ambao wametoweka. Mama, yule bibi tajiri mwenye kiwanda cha roboti, anaamini kijana ana siri nzito ya biashara, maana mafuta ya samaki hao yanaweza kulainisha roboti na kumharibia soko la mafuta anayouza. Hila zote anazofanya zinajengwa juu ya imani hiyo. Fry alitaka kuwaweka juu ya piza. Basi.

Kingine kipo "The Lesser of Two Evils". Roboti wawili, Bender (rafiki wa Fry) na Flexo, wanatajiana namba zao za utambulisho, 2716057 na 3370318, wanaangua kicheko. Fry anacheka nao, kisha anasema hajaelewa. Bender anamweleza: kila moja ni jumla ya vipeo viwili vya tatu. Ya Flexo ni rahisi: 119 × 119 × 119 ni 1685159, mara mbili yake ni 3370318. Ya Bender inakataa ukitumia namba chanya tupu. Lazima ukubali hasi. Kipeo cha tatu cha 952 ni 862801408, cha 951 ni 860085351, toa, unabaki na 2716057. Kwa mgeni haya yote si lazima, kwa sababu anayemchekesha pale ni Fry anayecheka asichokijua. Hesabu imewekwa chini ya mzaha na haisimami njiani pake.

Hivyohivyo kwenye "The Luck of the Fryrish": farasi wawili wanafika pamoja, waamuzi wanalazimika kutumia kipimo cha kiwango cha kwanta (fizikia ya chembe ndogo kabisa, ambako kupima kitu hukibadilisha), na Profesa aliyeshindwa dau anafoka kwamba wamebadilisha matokeo kwa kuyapima. Sekunde chache tu, lakini mwalimu wa fizikia atazikumbuka wiki nzima.

Bisi_Moto

Mmeisahau "Roswell That Ends Well"! Ilishinda tuzo ya televisheni ya Emmy mwaka 2002, na kwa wageni naiweka juu ya zote, kwa kuwa kila balaa lina chanzo unachokiona kwa macho. Fry anaweka chombo cha chuma cha bisi ndani ya maikrowevu wakati meli yao ya anga iko karibu na nyota inayolipuka. Wanatupwa mwaka 1947. Anaonywa asimguse babu yake, naye kwa kumlinda anamfungia kwenye nyumba iliyoko uwanja wa majaribio ya bomu la nyuklia. Babu kwisha. Fry bado yupo. Kuanzia hapo mtazamaji anaanza kupiga hesabu mwenyewe, na anapofika kwenye jibu la nani basi ndiye babu, chumba kizima hulipuka. Huku nyuma Zoidberg amelazwa mezani kwa madaktari wa jeshi wanaompasua akiwa macho, naye analichukulia jambo zima kama ugeni ambao wenyeji wake hawana adabu sana.

Ongeza "War Is the H-Word": Bender amepandikizwa bomu linalolipuka akitamka neno fulani, na neno lenyewe ni lile ambalo hamalizi saa bila kulitamka. Kila anapofungua mdomo, utasogea mbele ya kiti.

Tahadhari moja: "Jurassic Bark" isikae katikati ya orodha. Ni kazi nzuri sana, lakini mwisho wake unaliza, na baada yake hakuna mtu atakayecheka kitu kwa nusu saa.

MkiaWaKimondo

Asanteni sana wadau. Naongeza "The Prisoner of Benda", ile ambayo mashine inawabadilishia watu akili, ya huyu ikaingia mwili wa yule. Swali la mwisho: wanaporudishiana akili pale mwisho inakwenda mbio mno. Inawezekana kweli, au waandishi wametukatia kona?

HesabuZaAnga

Inawezekana, na imethibitishwa. Mwandishi wa episodi hiyo ya mwaka 2010 (katuni ilirudishwa baada ya Fox kuiacha), Ken Keeler, ana shahada ya uzamivu ya hesabu tumizi kutoka Harvard, na aliandika uthibitisho mahsusi kwa ajili yake. Sharti la mashine: miili miwili ikishabadilishana akili mara moja, hiyo miwili haiwezi kurudia.

Chukua A na B walioshabadilishana. Ukimwita msaidizi mmoja, X, unakwama: A na X, kisha B na X, B anapata akili yake, lakini ya A imebaki kwa X na jozi hiyo mmeshaitumia. Lete wawili, X na Y. A na X. B na Y. A na Y, hapo A amerudi kwake. B na X, B naye amerudi. X na Y sasa wameshikiana akili, na kwa kuwa wao hawajawahi kukaa mashineni pamoja, wanabadilishana na kazi imekwisha. Hatua tano. 

Hata wakiwa watu wengi waliochanganyikana vipi, wasaidizi wawili haohao wanatosha. Kwenye episodi ni wachezaji wa timu ya mpira wa kikapu ya Harlem Globetrotters. Uthibitisho umeandikwa ubaoni na unaonekana kwa muda mfupi tu, kwa hiyo simamisha picha hapo kabla foleni ya mashineni haijaanza.