Sauti za walimu kukauka kiangazi: ni chaki kweli?

Mwl_Kongwa: Wakuu, heshima kwenu. Kiangazi kikikolea, walimu wengi wa shule za msingi huku Kongwa hukauka sauti, hasa wa darasa la kwanza na la pili. Jumatatu wako sawa, Ijumaa wananong'ona. Lawama zote wanapewa chaki, na tiba ni tangawizi. Kweli ni chaki? Na mtu afanye nini ilhali vipindi vinaendelea?

Koo_Salama: Chaki imo, ila mzigo mkubwa ni kupaza sauti. Nyuzi za sauti za mwanamke hugongana kama mara 200 kwa sekunde anapoongea, za mwanaume kama 120. Mwalimu wa kike akiongea dakika 15 tu, zimeshagongana mara 180,000! Na akipaza, zinagongana kwa nguvu zaidi. Zinavimba, sauti inakwaruza. Akiendelea kusukuma kwa miezi, huota vinundu pande zote mbili.

Sasa weka watoto 90 chini ya mabati yasiyo na dari. Kelele inarudi, mwalimu anapandisha sauti bila kujijua, watoto nao wanapandisha. Hewa kavu na vumbi letu la Dodoma hukausha ute unaolainisha nyuzi hizo.

Tangawizi hupita njia ya chakula. Nyuzi ziko njia ya hewa. Kinywaji kikizigusa, unapaliwa. Inatuliza koo, basi.

Ratiba_Bahi: Naongeza upande wa darasani. Usiongee ukiwa umeupa ubao uso: andika, geuka, ndipo useme. Umbali ukizidi mara mbili, sauti hupungua kama desibeli 6, kwa hiyo tembea katikati ya madawati badala ya kupaza ukiwa mbele. Utulivu uitwe kwa makofi ya mpangilio. Ubao ufutwe kwa kitambaa kibichi, si dasta kavu. Na mtaaluma anayepanga ratiba asimpe mtu mmoja vipindi vinne mfululizo vya kuongea. Hili linaumiza walimu na linaweza kurekebishwa kwa kalamu tu.

Mwl_Kongwa: Asante sana. Kwa hiyo kunong'ona kunapumzisha?

Koo_Salama: Hapana, mwalimu. Kunong'ona kwa kulazimisha hukaza koo. Bora kunyamaza, au kuongea taratibu kwa sauti ya kawaida. Kukohoakohoa kusafisha koo nako kunagonganisha nyuzi. Meza funda la maji.

Zoezi zuri: chukua glasi ya maji na mrija, ncha izame sentimita 2 hadi 3, pulizia huku ukiimba "uuu" laini, dakika 5 asubuhi kabla ya vipindi. Mapovu yatoke mfululizo. Yakikatika, pumzi haitoshi. Shingo ikikaza, umesukuma mno, punguza. Maji ya kunywa yanafika kwenye nyuzi kupitia damu, yanachelewa, hivyo anza kunywa mapema kidogo kidogo. Mwenye kiungulia amalize kula muda wa saa 3 kabla ya kulala, kwani tindikali ikipanda usiku huchoma eneo hilohilo.

Tafadhali msinunue antibayotiki kwa ajili ya hili. Uvimbe wa kupaza sauti hauna bakteria wa kuuawa. Mikwaruzo ikipita wiki 3, nenda kliniki ya masikio, pua na koo wazitazame nyuzi kwa kamera. Ukitema damu, ukipumua kwa shida au ukiota uvimbe shingoni, usisubiri hizo wiki.