Fundi ametutoza maiki ambayo haikuwa mbovu, na simu ya baba asiyeona bado ikabaki bubu

Wakuu, nimesubiri siku nne hasira ipoe ndipo niandike, na haijapoa.

Baba yangu anaishi Tukuyu na haoni. Presha ya macho ilichukua jicho moja, kisha la pili, na tangu hapo simu yake janja anaitumia kwa mdomo: anamwita msaidizi wa sauti, anataja jina, simu inapigwa. Kwa kuwa msaidizi aliyemo kwenye simu hiyo haelewi Kiswahili, mzee wa miaka 74 alikariri amri za Kiingereza, nami nikalazimika kuwaandika ndugu upya kwenye orodha ya majina, maana kila jina la Kinyakyusa linaloanza na Mwa- lilikuwa likipotoshwa. Dada akawa Rose tu, kaka akawa John, muuguzi wa zahanati akawa Doctor. Tulikubali hivyo kwa sababu mzee aliweza kumpata amtakaye bila kumwomba mtu.

Wiki tatu zilizopita msaidizi akaacha kuitika, bila mlio wala neno. Baba alikaa siku mbili akirudia amri ile ile, akiamini kwamba matamshi yake ndiyo yameharibika kwa kuwa meno ya mbele yamemtoka. Hakuwa na namna ya kunipigia ili anieleze kwamba hawezi kupiga. Siku ya tatu kijana wa jirani alitafuta namba yangu kwa mkono, akanipigia kwa simu hiyo hiyo ya baba, na nikamsikia mzee vizuri kabisa.

Naomba mshike hapo, kwa sababu hilo ndilo nililomweleza fundi wa Mwanjelwa, hapa Mbeya, nilipompelekea simu: kwamba sauti inasikika katika maongezi ya kawaida. Aliishika, akaita mara moja, akasema maiki imekufa. Ni kweli kwamba simu nyingi zina maiki zaidi ya moja, na ile ya chini inayotumika kwenye maongezi inaweza kuwa nzima huku nyingine ikiwa imeziba vumbi. Lakini jambo hilo hupimwa kwa dakika moja tu, kwa kurekodi sauti na kuisikiliza, na yeye hakurekodi chochote. Nililipa shilingi 35,000. Jioni nilipoifuata simu, nikaambiwa kwamba ameiflashi pia, yaani ameifuta na kuiwekea programu upya, ili iwe nyepesi, na kwamba ameiweka katika lugha ya Kiswahili ili mzee asipate tabu. Majina yote niliyoyapanga yalikuwa yamefutika. Msaidizi naye, ambaye hapo mwanzo alikataa kuitika kwa sauti peke yake, sasa hakufunguka hata kwa kubonyeza kitufe chake, kwa sababu kwenye simu hii hafanyi kazi kabisa lugha ya simu ikiwa Kiswahili.

Nilikaa nayo usiku mzima nyumbani Uyole. Nikarudisha Kiingereza, msaidizi akafunguka kwa kitufe. Asubuhi nikapanda kosta kwenda Tukuyu, takriban kilomita 70 kutoka Mbeya mjini, kwa kuwa sampuli ya sauti ya baba, ambayo kwayo simu humtambua anapoita, ilikuwa imefutwa na hakuna mtu mwingine awezaye kuirekodi. Alipomaliza kusema maneno yanayotakiwa, simu ikamwitikia. Ndipo kijana wa jirani akakumbuka kwamba umeme ulipokuwa ukikatika aliwasha kiokoa betri ili chaji idumu. Nikakiwasha tena kwa makusudi: simu ikanyamaza. Nikakizima: ikaitika. Nilirudia mara tatu mbele yao. Hiyo ndiyo hitilafu iliyotugharimu maiki mpya.

Yeyote ambaye msaidizi wake amenyamaza na aanze na kitufe kabla ya kumwona fundi. Kusikiliza jina la kuitwa hufanyika ndani ya simu yenyewe, bila bando, na kiokoa betri hukata usikilizaji huo; kwa hiyo akiitika kwa kitufe lakini haitiki kwa kuitwa, tazama kiokoa betri, kisha rekodi upya sampuli ya sauti. Akifunguka lakini asikusikie, angalia kama programu yake bado ina ruhusa ya kutumia maiki, halafu angalia tundu la maiki lenyewe, hasa kwetu ambako simu hulala kwenye mfuko wa koti pamoja na vumbi la shamba. Akikusikia lakini asijibu, tafuta mtandao, kwa sababu amri nyingi husafirishwa nje ya simu ili zieleweke. Kuiflashi ni jambo la mwisho kabisa, na kwa mtu asiyeona ni sawa na kumhamishia milango ya nyumba yake akiwa amelala.

Watengenezaji nao siwaachi. Kiokoa betri kilipowashwa, kwenye kioo kulikuwa na alama na maandishi ya kueleza kwamba kimewashwa. Maandishi, kwa mtu aliyenunua chombo hicho kwa sababu hawezi kusoma! Programu ambayo kazi yake yote ni kusema ilishindwa nini kutamka sentensi moja kwamba inaacha kusikiliza kuanzia sasa? Wala nisiambiwe kwamba Kiswahili ni kigumu kwa mashine, kwa maana kibodi ya Google imekuwa ikiandika kwa kusikiliza Kiswahili tangu 2017. Kama mashine inaweza kuandika ninachotamka, inaweza pia kumpigia Rose bila baba yangu kukariri lugha ya watu uzeeni.

Fundi nilimrudia Alhamisi. Amekataa kurudisha fedha, na nilipodai maiki ya zamani alisema ameitupa. Risiti ninayo, na imeandikwa maiki peke yake, haina neno la kuflashi ambako sikumtuma. Jumatatu nakwenda tena pamoja na kaka yangu. Aliyewahi kudai haki ya namna hii kwa fundi wa hapa Mbeya, au Iringa na Njombe, naomba anieleze alianzia wapi.