Ushauri: seva ya nyumbani isiyo na kelele wala kumaliza LUKU

Ghorofa_ya_Pili: Wakuu, habari za leo. Nataka kompyuta ya kuwaka saa 24: picha za familia, muvi na kurekodi kamera nne. Diski mbili za TB 4 ninazo. Nichukue ipi? Nipo Dar.

Kibatari: HP EliteDesk 800 G4 SFF ya mtumba, kompyuta ya mezani yenye prosesa i5-8500. Ina nafasi mbili za diski za inchi 3.5 na mbili za M.2, zile SSD ndogo za kuchomeka kwenye bodi. Mfumo weka M.2, hizo kubwa zibaki za data. Ikiwa haina kazi, diski zinazunguka tu, hesabu wati 25 hivi. Uniti 18 kwa mwezi.

Wati_Kumi: Au kiboksi chenye prosesa ya Intel N100, TDP yake (kiwango cha joto inachotoa) wati 6 tu. Tatizo ni diski zako. Viboksi vingi havina pa kuziweka, na 3.5 inapoanza kuzunguka huvuta hadi ampea 2 kwenye laini ya 12V; adapta dhaifu inazima. Isiyo na feni usiifungie kabatini kwa joto la Dar, itapunguza kasi yenyewe.

Kibatari: Diski ni za kawaida (CMR) au SMR, zile zinazopandanisha mistari ya data na kuandika polepole? SMR kwenye ZFS (mfumo wa kuhifadhi data kwenye diski kadhaa), siku moja ikifa na unaingiza mpya, utajuta. Na itakaa wapi?

Ghorofa_ya_Pili: Nina chumba na sebule, itakaa chumbani. Ila kuna seva ya ofisini, Dell R710, nimeshatanguliza nusu ya hela. Prosesa mbili za Xeon, RAM GB 48! Dukani Kariakoo iliwashwa, kimya kabisa.

Shemeji: Kumbe umeshaoa ndiyo unauliza kuhusu posa 😂

Wati_Kumi: R710 ya prosesa mbili, hata bila kazi, ni kama wati 150. Zidisha kwa saa 720: uniti 108. Upo D1, ile bei nafuu ya umeme kwa wanaotumia kidogo?

Ghorofa_ya_Pili: Ndiyo D1. Nitakuwa naizima usiku.

Shemeji: Kamera nazo zilale?

Wati_Kumi: D1 ni uniti 75 kwa shilingi 100, zinazozidi ni 350 kila moja, bado kodi. Seva peke yake inavuka, friji hujaigusa. Ukizidi mfululizo unahamishiwa T1, bei ya kawaida, 292 kuanzia uniti ya kwanza.

Zege: Hii chai. R710 ikiwashwa feni zote tano zinanguruma, eti kimya. Weka picha.

Kibatari: Inanguruma mwanzoni, kisha feni hushuka. Kariakoo mchana utasikia nini? Usiku chumbani ndiyo utazijua. Mleta mada, angalia kadi ya RAID (inayosimamia diski za seva) kabla hujamalizia hela. Ikiwa PERC 6/i, kila diski ya TB 4 itaonekana TB 2. Kadi ya H700 yenye fimuweya (programu yake ya ndani) ya karibuni inazisoma zote.

Zege: Picha bado.

Ghorofa_ya_Pili: Mashine iko kwa muuzaji, mkuu. Nikitoa prosesa moja je?

Wati_Kumi: Umeme utashuka kiasi, lakini nafasi 9 kati ya 18 za RAM zinakufa, hiyo GB 48 huenda usiione yote. Pale palipotoka prosesa paachiwe kizibo, la sivyo hewa inapita kando. Mwombe muuzaji hela yako ihamie kwenye 800 G4.

Ghorofa_ya_Pili: Ngoja nimpigie. Ila GB 48 wakuu, kwa bei ile...