Pikapu yangu "inagonga", gereji wameshaihukumu

Ndugu zangu, habari za siku nyingi.

Naomba msaada. Nina pikapu ya petroli, silinda nane, ina miaka 19, na ndiyo inayonilisha kwa sababu kazi zangu zote huku ugenini ni za kubeba. Wiki ya tatu sasa, kila asubuhi nikiwasha inalia upande wa abiria: tak-tak-tak-tak, kavu, kama mtu anayegonga ukucha kwenye bati. Nikikanyaga mafuta inakazana. Nikishaendesha kama dakika kumi inafifia, halafu kimya.

Nikaipeleka gereji. Mpokeaji akaniuliza tatizo, nikamjibu kwa lugha yao kwamba injini inagonga. Akaandika. Mchana fundi akaiwasha, akainama kidogo, akarudi na karatasi: konrodi (ule mkono wa chuma unaosukumwa na pistoni) imelegea, injini ibadilishwe. Hawa wanahesabu kila saa ya kazi, na kubadilisha injini ni saa nyingi mno. Nimeomba siku chache za kufikiri. Kuna aliyewahi kukutana na hili?

Mwenye pikapu

---

Pole sana kaka. Ya kwangu ilikuwa hivyo hivyo. Mwaga oili, weka nzito zaidi, ongeza na ile dawa ya chupa. Itanyamaza.

---

> Itanyamaza.

Itanyamaza, ndiyo, kama mtoto aliyezibwa mdomo. Mwenye pikapu, usiweke kitu chochote bado.

Mwanangu, kilichokuponza ni neno. Kwa Kiswahili gari "ikigonga" inaweza kuwa tapeti (vinavyosukuma valvu), shokabsoba, boliti, hata jeki iliyolegea nyuma ya kiti. Ukilitamka neno hilo kwa lugha yao juu ya injini, wao wanasikia beringi za konrodi zimekwisha. Uliwapelekea jina la ugonjwa, wakakuandikia dawa ya jina hilo. Tena waliisikiliza mchana, imeshapata moto, wakati kelele yako yenyewe imeshaondoka! Sijui walisikiliza nini. Siku nyingine usiwape jina. Waambie inaanza lini, inaacha lini, inabadilikaje ukikanyaga, kisha uwaachie gari usiku kucha ili waiwashe asubuhi ikiwa baridi.

Nimetengeneza malori miaka 22, na hiyo "dakika kumi" yako ndiyo iliyonifanya niandike. Konrodi iliyolegea kwa kawaida huzidi kelele injini ikipata moto, kwa sababu oili imekuwa nyepesi. Yako inakwenda kinyume. Tapeti za oili zikichelewa kujaa hulia sekunde chache tu baada ya kuwasha. Kelele ya baridi inayodumu dakika kadhaa kisha ikaacha, mimi hushuku vitu viwili kwanza: pistoni inayocheza ndani ya silinda mpaka itanuke ikae sawa, au manifodi ya ekzosi (inayokusanya moshi kutoka kwenye silinda) inayovuja, ambayo chuma chake kikitanuka hujiziba chenyewe.

Sasa fanya hivi, nje kwenye hewa, si ndani ya banda.

Kesho asubuhi rekodi mlio kwa simu, injini iwe kwenye sailensa tu, yaani bila kukanyaga mafuta, na usome mita ya mizunguko. Punguza kasi ya rekodi mpaka uweze kuhesabu. Krenki, mhimili unaozungushwa na konrodi, ikizunguka mara 600 kwa dakika, ni mara 10 kwa sekunde, lakini kamshafti, inayofungua valvu, huzunguka nusu ya hapo, na kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki. Ukipata milio 10 kwa sekunde, mashaka yanashuka chini, kwenye krenki na konrodi. Ukipata 5, angalia juu: valvu, tapeti, au moshi unaochomoka silinda moja. Hicho si kipimo cha kufunga kesi, ila kinakuonyesha uanzie wapi.

Halafu vua mkanda wa mbele ya injini, washa injini kwa nusu dakika tu, maana pampu ya maji itakuwa haizunguki. Mlio ukipotea, tatizo ni puli, altaneta au pampu, na watu wamewahi kubadilishiwa injini kwa sababu ya beringi ya puli. Ukibaki, zima, rudisha mkanda, kisha chomoa waya wa koili (inayotoa cheche) wa silinda moja pamoja na wa injekta yake (inayonyunyiza petroli), ili petroli isiyowaka isiende kwenye ekzosi. Washa, sikiliza, zima, rudisha, nenda silinda inayofuata. Mikono na nguo mbali na feni.

Ukimaliza niambie. Na usimwage oili, ila filta ya oili nitakuhitaji uikate, tuone kama ina vipande vya chuma.

---

Mimi nina neno moja tu. Kama ni manifodi inayovuja, moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, haina harufu wala rangi, na feni ya hita inaweza kuuvuta ndani ya kebini. Ukiona kichwa kinauma kila ukiendesha, fungua vioo na usimpakie mtoto mpaka umetengeneza.

---

Shikamoo Mama Fundi, na nyote asanteni.

Sikujua kama kuhesabu kunachosha hivi. Sekunde tano, mita ikiwa 600: mara ya kwanza nimepata milio 24, mara ya pili 25. Mkanda nimevua, kelele ile ile. Koili nimeanza upande wa abiria, silinda tatu za kwanza hakuna kilichobadilika. Ya mwisho, iliyo karibu na ukuta wa kebini, nilipoichomoa mlio ulipungua zaidi ya nusu, japo injini ilitetemeka.

Nikasema tayari, ni konrodi ya silinda hiyo, gereji walikuwa sahihi. Nikakaa chini kabisa.

Filta nimeikata kwa msumeno, karatasi yake nimeikunjua juu ya gazeti. Hakuna kinachong'aa. Nimepitisha sumaku pia.

---

Marahaba. Inuka.

Kupungua kwa mlio ukizima silinda moja kunaweza kuwa konrodi, kunaweza kuwa pistoni, kunaweza kuwa ekzosi. Zote tatu husukumwa na ule moto wa silinda, ukiuondoa zote hulegeza sauti. Kwa hiyo hapo umepata ni silinda gani, hujapata ni kitu gani. Ila milio mitano kwa sekunde pamoja na filta safi vinanipa moyo. Na vizuri umeikunjua, kwa sababu sumaku peke yake ingekudanganya: vipande vya beringi za konrodi mara nyingi havishiki sumaku, vinaonekana kwa macho tu.

Chukua kioo kidogo cha mkono na tochi. Angalia pale manifodi inapokutana na silinda hedi (kichwa cha injini), boliti ya mwisho kabisa, ile ambayo mkono haufiki. Tafuta masizi. Kisha chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine uizungushe hapo asubuhi ikiwa baridi. Bisibisi ndefu ni nzuri kwa kusikiliza vyuma, lakini kwa upepo unaovuja mpira ni bora.

---

Mama, boliti ya mwisho haina kichwa! Masizi meusi yameenea kama kidole kwenye silinda hedi. Nilipoweka mpira hapo karibu nipasuke sikio.

Sasa kipande kilichobaki kimo ndani ya silinda hedi, hakijatokeza hata milimita mbili. Nakitoaje?

---

Hapo ndipo subira inapolipwa. Boliti hizo hukatika kwa sababu manifodi na silinda hedi hazitanuki sawa, na za pembeni ndizo zinazovutwa zaidi. Habari njema ni kwamba boliti iliyokatika kwa kuvutwa hivyo mara nyingi haijang'ang'ania ndani kama iliyokatwa na spana.

Mwagia mafuta ya kulegeza kutu leo, kesho asubuhi, kesho jioni. Zile nyingine ulegeze injini ikiwa na uvuguvugu, na ukiona moja inagoma, ikaze kidogo kwanza ndipo uifungue. Usishindane nayo. Manifodi ikishatoka, mtafute mtu anayejua kuchomelea: anaweka nati juu ya kile kipande, anachomelea kupitia tundu la nati, anaacha ipoe, kisha anazungusha taratibu huku na huku. Ule moto ndio unaovunja kutu. Nati ya kwanza ikikatika, weka ya pili. Kutoboa kwa drili ni njia ya mwisho, na usipotoboa katikati utaharibu silinda hedi, hapo ndipo utakapojuta kweli.

Kabla ya kurudisha, laza rula ya chuma kwenye uso wa manifodi. Ikiwa imepinda, ipelekwe ikasawazishwe, la sivyo utakata boliti nyingine mwakani. Gasketi mpya, boliti mpya zote, si moja. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu mbili, kwa kipimo cha kitabu cha gari lako na si cha mkono wako.

---

Ndugu zangu, narudi na majibu.

Nati ya kwanza ilikatika, ya pili ikakatika, ya tatu ikatoka na kipande chake utadhani hakikuwahi kushika. Jamaa aliyechomelea aliicheka sura yangu. Manifodi ilikuwa imepinda, rula ilipitisha mwanga mwishoni, ikasawazishwa. Kazi nzima imenichukua Jumamosi mbili na ngozi ya vidole vinne.

Leo asubuhi kulikuwa na baridi kali nikaiwasha. Kimya. Kuna ki-tik-tik kidogo sana juu, chepesi, silinda zote, moto au baridi. Nimeweka bisibisi: ni injekta zinafungua na kufunga. Nadhani ndicho walichokisikia kule gereji. Karatasi yao nimeirudisha, nikamweleza mpokeaji kwa utaratibu, akaniuliza kama ningependa wakague breki.

Pia kuna kitu kinagonga nyuma nikipita barabara mbovu. Kabla hujaniuliza, Mama: nimeshaangalia, ni jeki.